Kungoja Joto la Same

Mwanangu alizaliwa Mhezi, kijiji cha juu mlimani, mwezi wa sita, wakati ambapo ukungu unaingia ndani ya nyumba bila kupiga hodi na nepi hazikauki mpaka uzitandaze juu ya moto. Kwa akina mume wangu, mwanamke aliyejifungua mara ya kwanza haogeshi mtoto. Anaogesha mama mkwe. Kazi ya mzazi ni kukaa, kunywa uji na kutii. Nami nilitii, ingawa kutii si kipaji changu.

Siku ya kwanza mama mkwe alimlaza mtoto mapajani, beseni kaliweka chini ya miguu yake, akampitishia mikono mwili mzima. Alipofika katikati ya mapaja ya mtoto akasita. Akabonyeza, akabonyeza tena taratibu. Halafu akacheka kidogo na kuniambia nisishtuke: korodani za mtoto hazikuwa ndani ya mfuko wake.

"Baridi imezipandisha," alisema. "Baba yake naye alikuwa hivi hivi. Zikipata joto zitashuka zenyewe."

Watu wa mjini nikiwasimulia habari hii huwa wanawahi kusema ni ujinga wa kijijini. Wanaudhi. Mama mkwe wangu si mjinga. Mume wangu alipokuwa mchanga, korodani zake zilikuwa zikipotea asubuhi za baridi na kurudi akifunikwa vizuri. Baadaye baba yake alipata kazi kwenye shamba la mkonge huko tambarare, akahamia na familia, na kwenye joto lile zikashuka na kutulia kabisa. Mama mkwe aliona kwa macho yake na kushika kwa mikono yake. Mtu akishaona hivyo, utamwambia nini? Mlimani kwetu wanawake wengi wana hadithi ya namna hiyo, ya mtoto wao au wa jirani, na zote zinaishia vizuri.

Isitoshe, mimi nimezaliwa Same, kwenye vumbi na jua la kuchoma kisogo. Nilipoolewa Mhezi walinitania kwamba badala ya mahari niletewe blanketi. Sasa utani ukageuka baraka. Mama mkwe alisema Mungu hakukosea kumpa mwanawe mke wa kutoka Same, maana mtoto ana pa kwenda kuota jua. Nilifurahi kusikia hivyo. Kwa mara ya kwanza tangu niolewe, kwetu kulionekana kuna faida.

Ndivyo tulivyoanza kulingoja joto. Mtoto alioga maji ya moto tu. Alilala upande wa jiko. Alipoanza kutembea akashonewa suruali za sufu, na alipokuwa mkubwa wa kucheza na wenzake alikatazwa kuingia kwenye ndiva, lile bwawa la kumwagilia mashamba ambamo watoto wote wa kijiji huogelea. Alikuwa akikaa ukingoni na nguo zake zote, anawatupia mawe. Aliponiuliza kwa nini, nilimwambia maji yana baridi. Akaniambia wenzake wanasema hayana.

Na kila Desemba nilimteremsha Same kwa mama yangu. Mama yangu anauza vitenge sokoni, na ni mtu wa kutekeleza alichoambiwa. Alikuwa anamkalisha mjukuu wake barazani mchana kweupe, saa ambazo hata mbuzi wanatafuta kivuli, kisha anamwita ndani na kumkagua. Kwenye simu hatukuitaja korodani kwa jina. Mama mkwe alikuwa anauliza, "Wageni wameshuka?" na mama yangu anajibu, "Bado, mama, labda wiki ijayo." Wakubwa wawili wakizungumzia mfuko mtupu wa mtoto wangu kama watu wanaosubiri basi la kutoka Dar. Nilicheka miaka hiyo. Mtoto mwenyewe alirudi mlimani akiwa mweusi tititi, ana vipele vya joto shingoni, na wageni hawakushuka.

Mtu huuliza, kliniki je? Kliniki nilikwenda kila mwezi. Mtoto alining'inizwa kwenye mzani, akachanjwa, nikaambiwa anakua vizuri, na kweli alikuwa anakua vizuri. Mimi sikusema lolote kwa sababu hakukuwa na la kusema. Jambo ambalo nyumbani lina dawa yake inayojulikana, huendi kulitangaza kwenye foleni ya akina mama. Alipofika miaka mitano akaanza kuona haya, akajifungia akioga. Tangu hapo aliyejua habari zake ni bibi yake wa Same tu, mara moja kwa mwaka.

Alipofika darasa la pili, mume wangu akasema mtoto atahiriwe. Siku hizi wanatahiriwa kituo cha afya, si kama zamani, na ikaamuliwa afanyiwe Same wakati wa likizo ya Desemba, huko huko kwenye joto, ili kidonda kikauke upesi. Mume wangu akateremka. Nikamsubirisha mtoto kwenye benchi, maji ya chupa yamechemka mkononi. Tabibu alikuwa kijana mchangamfu. Aliwaita mtoto na baba yake, na mimi nikaingia nyuma yao kwa sababu hakuna aliyenizuia.

Akamlaza mtoto, akatia mkono, na uchangamfu wake ukaisha. Akapapasa mfuko, akapapasa pale paja linapokutana na tumbo, mtoki wa kulia, wa kushoto, akamwambia mtoto akae, akapapasa tena.

"Mzee," akamwambia mume wangu, "mlikuwa mnajua kwamba huyu hana kitu humu?"

Mume wangu, jasho likimtiririka mpaka kwenye kola, akamjibu kwamba ni baridi.

Yule kijana akamtazama. Feni ilikuwa inazunguka juu yetu na haileti chochote. "Baridi gani, mzee?" akauliza kwa upole, na nadhani upole wake ndio uliomuumiza mume wangu. Kutahiri hakukufanyika. Tulipewa rufaa ya kwenda hospitali kubwa.

Picha ya ultrasaundi haikuonyesha kitu. Mtoto akachukuliwa vipimo vya damu, majibu yakasema ni mvulana na kwamba mahali fulani ndani yake kulikuwa na korodani inayofanya kazi kidogo. Nilishikilia lile neno "kidogo" kama mtu aliyepewa kitu cha thamani. Ndipo tukakutana na daktari bingwa wa upasuaji wa watoto, mama mmoja wa makamo, mwenye sauti ya chini, anayekutazama usoni anapokuambia mambo mabaya. Sikumpenda mwanzoni. Baadaye niliona kwamba yeye peke yake hakutudanganya.

Mume wangu alimweleza habari ya baridi na joto. Nilitamani anyamaze, lakini daktari alimsikiliza mpaka mwisho.

"Zipo zinazopanda kwa baridi na kushuka kwa joto," alisema. "Zako zilikuwa za aina hiyo, na mama yako aliona sawasawa. Lakini hizo ukizitafuta unazikuta kwenye mtoki, ukizivuta zinakuja. Za huyu hazijawahi kushuka hata siku moja. Ziko tumboni."

Akaeleza kwamba korodani hutengenezwa tumboni, karibu na figo, na hushuka kabla mtoto hajazaliwa au miezi michache baadaye. Mtoto akifika miezi sita hazijashuka, haziji tena. Mtoto apelekwe hospitali mapema, afanyiwe upasuaji kabla mwaka wake wa kwanza, au basi wa pili, haujaisha. Mume wangu akauliza kwa nini haraka hiyo. Daktari akasema kwa sababu tumboni kuna joto mno kwazo. Mfuko umewekwa nje ya mwili makusudi, ili zipate ubaridi. Zikikaa ndani miaka mingi, joto linaziharibu.

Niliomba arudie. Akarudia. Akaongeza kwamba jua la Same halikumdhuru mtoto, lile ni joto la nje, halifiki huko. Kilichomdhuru ni muda. Alisema hivyo kunituliza, najua. Sikutulia. Miaka minane tulikuwa tumepiga magoti tukiomba joto.

Upasuaji, akasema, hautakuwa wa kupasua tumbo zima. Atatoboa matundu matatu madogo. Tundu moja la kitovuni litaingiza kamera nyembamba kama penseli, mengine vifaa, na yeye atatazama kwenye skrini. Kwanza atajaza hewa tumboni ili apate nafasi ya kuona.

"Utanipuliza kama puto?" mtoto akauliza. Ilikuwa mara yake ya kwanza kusema kitu mle ndani.

"Kama puto," daktari akasema. "Halafu natoa hewa yote, unarudi kama ulivyo."

Alicheka mwanangu. Alipolazwa wodini akamsimulia kila mtoto kwamba yeye atapulizwa, na wawili watatu wakalia kwa sababu wao hawatapulizwa. Namkumbuka siku hiyo kuliko siku nyingine yoyote.

Wakampa nusukaputi asubuhi wakamsukuma kwenye kitanda. Mimi na mume wangu tulikaa nje ya mlango. Daktari alipotoka alivua kofia na kukaa kwenye benchi pamoja nasi, na mtu mkubwa akikaa karibu nawe namna hiyo, unajua kuna habari mbaya. Upande wa kulia, alisema, mishipa ilikwenda ikaishia njiani. Korodani yenyewe ilinyauka zamani, huenda mtoto hata hajazaliwa. Upande wa kushoto alikuwa ameikuta. Ilikuwa juu sana, ndogo, na mishipa yake ya damu mifupi mno kufika kwenye mfuko. Kwa hiyo aliifunga mishipa hiyo mifupi, ili korodani ijifunze kuishi kwa mishipa midogo ya pembeni. Tungengoja miezi sita, kisha arudi kwa matundu yale yale na kuishusha.

"Na ikishindwa kujifunza?" nikauliza.

"Zipo zinazoshindwa," alisema.

Tulirudi Mhezi. Mama mkwe alikuwa anachambua maharage ya makande. Nikamwamkia, shikamoo, akaitikia marahaba, na macho yake yakamwendea mwanawe. Mwanawe akapita ndani kama hakumwona. Basi nikakaa mimi kwenye kigoda nikamwambia. Nilimwambia lote: ya kulia iliyonyauka, ya kushoto iliyo juu, na kwamba tumboni kuna joto, na joto ndilo linaloziua. Sikulipamba. Alihitaji mtu wa kumwambia.

"Joto?" aliuliza.

"Joto, mama."

Akaendelea kuchambua maharage. Baada ya muda nikaona anatupa mazima na kuacha mabovu kwenye ungo. Mpaka siku ile alikuwa anamwita mjukuu wake "mume wangu", kama bibi wote wanavyowatania wajukuu, na mtoto anamwagiza chai kama bwana mwenye nyumba. Tangu siku ile hajamwita hivyo tena. Mtoto alimkumbusha mara kadhaa, "Bibi, mumeo nimerudi," naye akamjibu kwa jina lake tu. Nilimwonea huruma, na papo hapo nilimchukia, na mpaka leo sijajua lipi lilikuwa kubwa.

Miezi ile sita sikuomba kitu kingine. Kanisani wanawake wenzangu walijua kwamba mtoto anasumbuliwa na tumbo. Waliombea tumbo. Nilisimama katikati yao nikawaza kwamba Mungu anajua anaombwa nini hasa, na kwamba hatajifanya hajui kwa sababu ya haya zetu.

Upasuaji wa pili ulikuwa mrefu. Safari hii daktari alitoka bila kukaa. Korodani ilikuwa hai, alisema, ameishusha na kuishona mahali pake. Mume wangu alimshika mikono yote miwili na kuitikisa kama anayetikisa mwembe, hadi mama wa watu akacheka. Kwenye basi la kurudi alimnunulia mtoto soda mbili kwa mpigo. Nyumbani mtoto aliniruhusu niguse mara moja tu, akiwa amefumba macho kwa aibu. Ilikuwepo. Ndogo, ngumu kidogo, kama punje ya maharage, lakini ilikuwepo kwa mara ya kwanza tangu nimzae. Nilikwenda nyuma ya nyumba kwenye migomba nikalia kwa furaha, na kwa kweli sijawahi kulia hivyo.

Tulipangiwa kurudi baada ya miezi kadhaa. Daktari akatia mkono, na nikamwona anatafuta. Nilijua uso huo, niliuona Same kwa yule kijana. Akampeleka kwenye ultrasaundi mwenyewe, akaweka kile kifaa, akakizungusha, akamwonyesha mwenzake kitu kwenye skrini. Kisha akamwomba muuguzi amtoe mtoto akamwonyeshe samaki walio kwenye tangi la kule mapokezi.

"Haipati damu," alisema. "Imesinyaa. Imekufa, mama."

Mume wangu akauliza kama inaweza kushushwa nyingine. Akamjibu hakuna nyingine. Alieleza taratibu, na najua alikuwa na wagonjwa wengi wanaomngoja. Mtoto akifikia umri wa kubalehe ataanza kuchomwa sindano za homoni, ili sauti inenepe, ndevu ziote, mifupa iwe ya mwanamume. Atachomwa maisha yake yote. Atakuwa mwanamume kama wengine, ataoa akipenda. Watoto wa damu yake hatapata.

"Tungemleta mchanga?" nikauliza. "Akiwa wa miezi sita. Ingepona?"

Akasema huenda. Akasema pia kwamba ilikuwa juu sana, na hata za watoto wachanga hufa. Hakuna mtu anayeweza kujua.

Nilitaka aniambie moja kati ya mawili: kwamba tumeiua sisi, au kwamba ilikuwa haiwezekani tangu mwanzo. Ningebeba lolote kati ya hayo. Lakini kubeba "huenda" sijui unabebaje. Unaliweka kichwani linateleza, unaliweka mgongoni linateleza, na ukilitupa unalikuta nyumbani limefika kabla yako. Nimelibeba hivyo hivyo mpaka leo. Wanaoniambia ni mapenzi ya Mungu nawajibu ahsante, kisha nawaepuka.

Daktari alituonya kwamba mtoto lazima aambiwe, na aambiwe na sisi, kidogo kidogo kadiri anavyokua, asije akalisikia lote kwa mpigo akiwa kijana. Mume wangu akasema sawa. Tulipomkuta mtoto kwenye tangi la samaki akiwa amewapa wote majina, mume wangu akaninong'oneza, "Siyo sasa." Mwaka ukapita, ikawa bado siyo sasa. Mama mkwe tulimwambia yeye peke yake. Alisema, "Nimesikia," akaingia kulala, jua likiwa bado halijazama.

Mwaka huu shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, amepata mtoto wa kwanza, wa kiume. Siku ya kumpa jina tulijaa sebuleni, chai, mihogo, watoto chini ya meza. Kwao mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la baba mzaa baba, kwa hiyo kichanga kikapewa jina lile lile alilo nalo mwanangu, la marehemu babu yao. Mwanangu alikaribia kupasuka kwa furaha. Ana somo! Aliomba apakatishwe mtoto, akakalishwa kwenye kochi na mto chini ya kiwiko, akawa hapumui vizuri kwa kuogopa kumwangusha.

"Kwa hiyo baba mdogo kampa jina la baba yake," akasema, huku akimtazama yule mtoto usoni. "Na baba naye alinipa mimi jina la baba yake."

"Ndivyo ilivyo," shemeji akamwambia.

Akatafakari. Kisha akainua uso akamtafuta baba yake katikati ya watu wote wale, akamwambia kwa sauti ya kutoa zawadi: "Baba, mimi wa kwangu wa kwanza nitampa jina lako."

Watu wakapiga makofi. Mtu mmoja akasema huyu ndiye mtoto. Mama mkwe akainama kuokota kitu sakafuni na hakukipata. Mume wangu alisimama, kikombe mkononi, akasema, "Haya, mwanangu, ahsante sana," akatoka nje.

Mwanangu akanigeukia. "Mama, baba amekasirika?"

"Hapana," nikamwambia. "Amefurahi."